Nina ekari moja kijijini bado pori, nimlete wa tingatinga asafishe yote au nakosea?

Mjenzi_mpya:
Wakuu habari zenu. Nina ekari moja kijijini, pori kabisa, nyasi zinanifika kifuani, miti mikubwa kama sita hivi na kichuguu kimoja karibu na katikati. Nataka nijengee familia, vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani. Sasa kuna jamaa ana tingatinga, wiki ijayo ana kazi maeneo hayohayo, kanambia siku moja tu ananinyooshea uwanja kama meza na kwa kuwa mashine iko jirani sitolipia usafiri wake. Kiwanja kina mteremko kidogo, jirani wa nyuma yuko juu yangu. Fundi naye anasema pakishasafishwa tu tuchimbe msingi. Nimruhusu au kuna kitu naruka? Sijawahi kujenga hata banda la kuku, msinicheke.

koleo_na_sururu:
Mwambie asubiri kwanza. Tingatinga sio baya ila likishapita limefuta ushahidi wote. Pale nyasi zimebaki za kijani na kwingine zimekauka ujue chini kuna maji, penye matete ndo usipasogelee kabisa, na ukikuta takataka zimenasa kwenye mashina ya miti usawa wa goti, basi mafuriko yalifika hapohapo kwenye goti. Nenda siku mvua inanyesha, vaa mabuti, beba vijiti, kila mkondo wa maji unaouona uchomeke kijiti. Angalia hasa maji ya huyo jirani wa juu yanaingilia wapi maana lazima uchimbe mtaro wa kuyakinga kabla hayajafika kwenye nyumba, na mtaro uzunguke, usije ukayamwaga kwa jirani wa chini mkaanza kesi. Mimi nilikuwa nimeshachagua sehemu nzuri sana, tambarare, nikaenda siku ya mvua nikakuta ndo bwawa lenyewe.

Halafu usikwangue ekari nzima. Safisha panapokaa nyumba, mita chache za kuzunguka na njia ya lori basi, kwingine acha nyasi zishike udongo. Ule udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 15 mpaka 30 hivi, hauachwi chini ya sakafu kwasababu vilivyomo vinaoza na udongo unashuka, ila usiutupe, urundike pembeni, utauhitaji kwenye bustani.

Mama_Pacha2:
Dada yenu nimelizwa na kisiki, acheni tu. Sisi tulinyooshewa hivyohivyo "kama meza", kumbe mashine ilikata udongo upande wa juu ikausukuma upande wa chini, kwa hiyo nusu ya nyumba imekaa kwenye ardhi ngumu na nusu kwenye kifusi ambacho hakuna aliyekishindilia. Tulihamia kwa furaha zote. Mwaka wa pili ukatokea ufa kwenye kona ya dirisha la chumba cha watoto, mwanzoni njiti ya kiberiti ilikuwa haipiti, baada ya mvua inayofuata kidole kikawa kinaingia. Tukachimba nje ya ukuta tukakuta kisiki kimefukiwa, kimeoza, mchwa wameshakila ndani yote, nikiingiza mkono unazama mpaka kwenye kiwiko. Yaani ukuta wangu ulikuwa unaegemea shimo.

Kwa hiyo visiki ving'olewe na mizizi yake, na shimo likijazwa lijazwe kidogokidogo, sentimita 15, mwagia maji kiasi, shindilia, ndo uongeze nyingine. Na hicho kichuguu usidanganyike, tingatinga litaondoa kofia tu, mji wenyewe wa mchwa uko chini na una mapango. Ama ukichimbue chote ama uiweke nyumba mbali nacho.

Fundi_Kimya:
Natofautiana kidogo na koleo, kama mvua ziko mbali usikae miezi unazisubiri, waulize wanaolima hapo jirani, wanajua maji yanapita wapi kuliko hata mwenye kiwanja. Kabla ya yote lakini bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, zimeonekana? Kwenye nyasi za kifuani zinajificha, na tingatinga likiing'oa moja utamtafuta mpimaji upya na jirani hatokuamini tena.

Kisha chimba mashimo manne ya majaribio, kila kona ya nyumba shimo moja, kina mita moja na nusu hivi, na kama kingo zinabomoka asiingie mtu. Chukua udongo wa chini, ulowanishe, uviringishe kama kamba nyembamba. Ukikatikakatika una mchanga, ukijikunja bila kukatika huo ni mfinyanzi. Ukiwa ule mweusi unaopasuka nyufa wakati wa ukame basi ukilowa unavimba na unanyanyua msingi, hapo usinisikilize mimi wala fundi wako, tafuta injinia. Na choo kipangwe sasa sio mwisho, shimo la maji machafu liwe upande wa chini, kisima juu, wengi wanashauri walau mita 30 kati yao.

Mjenzi_mpya:
Asanteni sana aisee. Jamaa wa tingatinga kanuna ila nimempa kazi ya njia ya lori tu. Bikoni tatu nimeziona, ya nne bado tunaitafuta. Mashimo nimechimba, mawili udongo mwekundu mgumu mpaka sururu inadunda, la tatu pia zuri, la nne ndo limenichanganya, sururu ilizama mpaka karibu na mpini, udongo mlaini umechanganyika na majivu, makopo yenye kutu na vipande vya chupa. Nimewaza nisogeze nyumba mita sita tu kushoto yaishe.

Fundi_Kimya:
Hapo karibu kuna mti umestawi kuliko yote?

Mjenzi_mpya:
Upo, mwembe, hatua kama kumi kutoka hapo. Umejuaje?

Fundi_Kimya:
Hilo shimo la nne ni jalala, kuna watu waliwahi kuishi hapo, na mti hustawi hivyo penye mbolea. Na kama walikuwa na jalala walikuwa na choo. Kitafute kwanza kabla hujasogeza nyumba kushoto.

Mama_Pacha2:
😂😂 Mungu wangu, chimba na la tano.