Mtu anavamia simulizi YANGU, anaandika mwisho WAKE, halafu anaombwa mwendelezo?!

Wakuu, salamu baadaye. Nimechafukwa.

Mnamjua. Yule yule mgawaji wa nyota moja, anayekosoa simulizi za watu wote na ya kwake hatujawahi kuiona. Simtaji, maana sidhani kama kuna mtunzi humu ambaye hajaumwa naye.

Nimepandisha sehemu ya 9 ya simulizi yangu ya tetemeko la ardhi. Wimbi la P, lile mtetemo wenye kasi zaidi, linafika kwanza, mhusika anasikia mshindo, vyombo vinalia, anaanza kuhesabu. Anafika 12 ndipo wimbi la S, lile la polepole lenye kutikisa zaidi, linaingia na kuta zinayumba. Sekunde 12! Zidisha kila sekunde ya pengo kwa kilomita kama 8: kitovu, yaani tetemeko lilikoanzia, kiko karibu kilomita 100, na upande ule ndiko aliko mama yake. Msomaji makini anajua kabla ya mhusika. Hapo ndipo mtu anatakiwa kulia machozi!

Yeye kaandika nini? "Mbona ardhi haijapasuka? Hili ni somo la jiografia." Hilo ningelimeza. Lakini akaendelea! Pale pale chini ya kazi yangu akatunga mwisho wake: ardhi inafunua kinywa, inammeza yule mwenye nyumba katili pamoja na gari lake, inafunga. Laiki zikamiminika kuliko zangu. Halafu mmoja wenu akaandika: "Mkuu, weka mwendelezo."

Kamwomba YEYE. Mwendelezo. Kwenye simulizi YANGU.

Ardhi haimezi magari hivyo, jamani! Pande mbili za ufa wa miamba chini ya ardhi zimebanana na kukabana kwa miaka na miaka. Msuguano ukishindwa zinateleza ghafla, na huko kuteleza ndiko tetemeko lenyewe. Zingekuwa zimeachana, zingekwaruzana na nini? Nyufa za juu juu kwenye udongo zipo, maporomoko yapo. Shimo linalomeza na kujifunga mdomo halipo.

Na eti tetemeko lake lina ukubwa wa 12! Kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la Chile, 1960: 9.5, na ufa ulichanika karibu kilomita 1,000. Ukipanda hatua moja kwenye kipimo hicho cha ukubwa, nishati inaongezeka kama mara 32. Kwa hiyo la kwake ni zaidi ya mara 5,000 ya lile la Chile. Nani angebaki hai wa kumpa laiki?

Lakini wapi. "Mkuu, weka mwendelezo." Nimeirudia kuisoma usiku kucha.

#2 Mla Arosto
Pole sana mkuu. Sasa hiyo ya ardhi kummeza mwenye nyumba naipata wapi? Linki tafadhali.

#3 Kalamu Kavu
Sehemu ya 9 niliisoma. Nilisinzia kwenye wimbi la P, wimbi la S halikuniamsha.

#4 Mleta uzi
#3, ninyi ndio mnaodhani jengo refu ndilo huanguka kwanza. Mexico City, 1985: kitovu kilikuwa mbali zaidi ya kilomita 300, ila sehemu ya jiji imekaa juu ya tope la ziwa la kale. Tope likatikisika kwa mdundo uliolingana na ule wa kuyumba kwa majengo ya kimo cha kati, hayo ndiyo yakaumia zaidi, mengi mafupi na marefu yakabaki wima. Hiyo ndiyo sehemu ya 10 niliyowaandalia! Nani ataisoma wakati kuna mtu anaombwa mwendelezo wa SHIMO?

#5 Wino Mbichi
Afadhali wewe, jina lako bado lipo juu. Yangu wameinakili nzima, wanaisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, juu wameandika "mtunzi hajulikani". Mtunzi si ndiye mimi hapa?

#6 Bibi Sura
#5 umenikumbusha machungu. Yangu walibadilisha hadi jina la mhusika, wakasahau kulibadilisha sura ya mwisho. Wasomaji wakauliza huyu mgeni katokea wapi.

#7 Kalamu Kavu
Watunzi mnalilia wizi, sisi wasomaji atulilie nani? Kuna mmoja katuacha sehemu ya 39, mhusika yuko chini ya kifusi. Mpaka leo hajafukuliwa.

#8 Mla Arosto
#7, mtunzi huyo namjua! Alisema mwisho upo kwenye kitabu cha kulipia. Nimelipa. Kinaishia kwenye kifusi.

#9 Bibi Sura
Ngojeni, si ndiye aliyetuachia na ile ya meli katikati ya bahari?

#10 Wino Mbichi
Ndiye. Nimemfungulia uzi wake, hamieni kule.