Picha za Lari na picha ya Kimathi: kamera ilikuwa mikononi mwa nani?

Mwalimu wa Historia:
Ndugu zangu, naandaa somo kuhusu vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni wa Waingereza nchini Kenya. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji walichoma nyumba za familia za walinzi wa serikali wakati wanaume wenyewe wakiwa doria, na wengi waliouawa walikuwa wanawake na watoto. Picha za mauaji hayo zilisambazwa sana. Je, niwaonyeshe wanafunzi? Na je, picha za namna hii zimejenga kumbukumbu ya Wakenya, au ni ya wakoloni tu?

Mzee wa Limuru:
Mwalimu, Lari ilishuhudia mauaji mara mbili. Moto ulipokuwa bado unawaka, walinzi wa serikali, ambao Wakikuyu waliwaita ngati, pamoja na askari wa usalama, walianza kulipiza kisasi, na wako wanahistoria wanaoamini kwamba waliouawa katika kisasi hicho walikuwa wengi kuliko wale wa kwanza. Serikali ilitangaza picha za wafu wa kwanza, lakini hao wengine haikuwatangaza. Kwa hiyo zile picha hazisemi uongo, ila zimekatwa mahali palipoifaa serikali.

Mjukuu wa Nyeri:
Nakubaliana na mzee, lakini mpiga picha hamiliki maana ya picha milele. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau msituni, alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, alipigwa picha akiwa amelazwa, amefungwa pingu, nywele zake ndefu zimesokotana, ili watu waone kwamba msitu umeshindwa. Leo picha hiyohiyo imechapwa kwenye fulana, na vijana wanaoivaa wanamwona shujaa. Pingu, ambazo zilikuwa ushahidi wa kushindwa kwake, zimegeuka ushahidi dhidi ya waliomfunga.

Msomaji wa Mombasa:
Mimi ninahofia zaidi yale ambayo hayakupigwa picha. Katika Hola, kambi ambamo serikali ya kikoloni iliwafunga watuhumiwa wa Mau Mau, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kwamba chanzo kilikuwa maji waliyokunywa. Kipigo chenyewe umma haukukiona. Mateso ya kambini yalikuja kukubaliwa kwa maneno ya wazee waliofika mahakamani London, yakisaidiwa na nyaraka zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Ni ajabu kwamba taifa linaloijua sura ya Kimathi kwa macho liliijua Hola kwa masikio tu.

Mzee wa Limuru:
Basi, mwalimu, waonyeshe, ila si watoto wadogo. Chini ya kila picha andika aliyeisambaza na lililotokea baadaye usiku huohuo. Picha ya Lari isibandikwe bila habari ya kisasi kando yake, kwa maana wajukuu wa pande zote mbili bado wanaishi Lari, na huenda wakawa wamekaa dawati moja darasani mwako.