Mdogo wangu hataki kusimulia yaliyomkuta. Alazimishwe?

Dada wa Himbi
Wapendwa, hamjambo. Niko Goma, naomba ushauri. Tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, mdogo wangu wa miaka 19 amebadilika. Juzi tukiwa mezani upepo ulibamiza mlango wa bati. Akajitupa chini, mikono kichwani, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikamwagika yote. Usiku hakulala. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa saikolojia. Siku ya kwanza tu akafunga mlango, akaanza kumuuliza kwa Kifaransa: uliona nini, nani alikufa? Mdogo wangu alitetemeka na hataki tena kurudi. Mama anataka apelekwe chumba cha maombi. Shangazi anasema atapona akiyatapika yote mbele ya familia. Nishike lipi?

Mama Katindo
Pole sana, mwanangu. Maombi ni mazuri kama yeye mwenyewe anayataka. Lakini asilazimishwe kufunga kula na kukesha huku anaambiwa ana pepo! Kijana wa jirani yetu alirudi kutoka huko amekonda, na hofu imezidi.

Msaidizi, Bukavu
Dada, asilazimishwe na mtu yeyote, si mtaalamu wala shangazi. Mtu aliyeponea risasi, mwili wake bado uko vitani. Kumrudisha kule kabla hajajiona salama ni kumuumiza upya. Kwanza usalama: ajue nani yuko chumbani, achague kiti, mlango ubaki wazi akitaka, na awe na ruhusa ya kusema "leo inatosha". Hofu ikimpanda, akanyage chini kwa miguu yote miwili, ataje vitu anavyoviona mbele yake, apumue taratibu.

Kusimulia kuna wakati wake. Kuna tiba ambayo mgonjwa anatandika kamba chini kama njia ya maisha yake, anaweka ua penye furaha na jiwe penye msiba, kisha anasimulia hatua kwa hatua na mtu aliyefunzwa. Ilijaribiwa na wakimbizi wa Rwanda na Somalia katika kambi ya Nakivale, Uganda, na waliotibu walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Hata hapa Kivu, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba akina mama walioteswa na ukatili wa kingono walipata nafuu kubwa katika vikundi vya tiba nyingine ya mazungumzo, vilivyoongozwa na wasaidizi wa hapa hapa, na miezi 6 baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Kwa hiyo usiichoke tiba yenyewe. Tafuta anayeitoa vizuri.

Akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata dakika moja. Mpelekeni Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili hapo Goma.

Mwalimu wa Ndosho
Naunga mkono. Niongeze: alikuwa anapenda nini zamani? Mpira, kwaya, kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, na mjomba? Mrudishieni kidogo kidogo, msimfanye mgonjwa wa kulindwa tu. Na shangazi apewe kazi yake: akae naye jioni bila kumuuliza kitu.

Dada wa Himbi
Asanteni sana, nimelia nikisoma. Alikuwa anaimba kwaya. Nyumbani tunasema Kinande, na Kifaransa chake ni cha shule tu. Je, nina haki ya kuomba mtaalamu mwingine?

Msaidizi, Bukavu
Unayo kabisa. Omba anayesema Kinande au Kiswahili. Akikosekana, mkalimani asiwe ndugu yenu: kuna mambo hatayasema masikioni mwa mama yake. Na kabla ya kupanga siku, muulize mdogo wako kama anapendelea mwanaume au mwanamke.