Prometheus Aliyefungwa: jina la Aeschylus libaki au liondolewe?

Mleta mada: Wakuu, tunafundishwa kwamba zimesalia tamthilia saba za Aeschylus, mwandishi wa Ugiriki ya kale. Naona ni sita. Prometheus Aliyefungwa si yake. Ina mistari 1,093 na sehemu ya korasi, kundi la waimbaji jukwaani, haifiki hata robo. Linganisha na ile yake ya wanawake waomba hifadhi, ambako korasi inabeba zaidi ya nusu. Mtaalamu Mark Griffith alipanga ushahidi wa lugha na mizani ya ushairi mwaka 1977. Tangu hapo mzigo wa kuthibitisha uko kwa wanaosema ni ya Aeschylus.

Mchangiaji wa pili: Korasi kupungua kuna sababu. Mhusika mkuu, Prometheus, kagongomelewa mwambani tangu mwanzo, hatoki. Akinyamaza yeye, mchezo umekwisha. Halafu mtu aliandika tamthilia zisizopungua 70, wewe unampima kwa sita?

Mchangiaji wa tatu: Tuache hesabu, twende jukwaani. Hephaestus, mungu mhunzi, anamfunga Prometheus: anaanza na mikono, anapitisha kabari kifuani, anakaza mikanda mbavuni, anamalizia na pingu za miguu, huku Kratos, mtumishi wa Zeus, akimhimiza agonge kwa nguvu zaidi. Muda wote huo Prometheus kimya. Hephaestus anaaga mstari wa 81, Kratos anabaki na mistari sita ya kejeli, na Prometheus anafungua kinywa mstari wa 88. Ndiyo maana wapo wanaosema aliyefungwa ni sanamu tu, na mwigizaji wa Hephaestus anazunguka nyuma kuisemea, hivyo waigizaji wawili wanatosha. Siamini. Sauti ya nyuma ya sanamu, karibu mchezo mzima, mbele ya maelfu ya watu kwenye uwanja wa wazi? Walikuwa watatu, na hilo halimwondoi Aeschylus, kwa sababu Oresteia yake ya 458 K.K. inao watatu pia. Kinachonisumbua ni Oceanus, mungu wa maji: anaingia juu ya kiumbe chenye mabawa, binti zake ndio korasi, wako palepale, na hawasemezani hata neno moja.

Mleta mada: Umenisaidia. Mtaalamu M. L. West alimtaja Euphorion, mwana wa Aeschylus, kuwa huenda ndiye mwandishi. Suda, kamusi ya Bizanti, inasema alishinda mara nne kwa tamthilia za babake ambazo hazikuwa zimeonyeshwa. Mwaka 431 K.K. aliwabwaga waandishi Sophocles na Euripides mashindanoni, Medea ya Euripides ikaambulia nafasi ya tatu. Mtu wa kiwango hicho hashindwi kuandika yake akaibandika jina la mzee.

Mchangiaji wa pili: Au alikuta mswada wa babake umefika katikati, akaumalizia. Hapo unafuta jina la nani?