Mmea gani wa kweli utakubali kwenye tenki la samaki huku Mbeya, bila hita?

Mdau wa Uyole
Wakuu habari za mida hii. Nina katenki ka lita 60 hapa sebuleni Uyole, ndani kuna goldifishi watatu, siku zote naweka maua ya plastiki ila nimeyachoka, yanashika utelezi na hayana mpango. Sasa shemeji katoka Dar kaniletea mmea wa kweli, anasema ni anubiasi, majani magumu ya kijani iliyokolea na kashina kanene kanalala, mizizi inatokea chini yake. Nimeufukia kwenye changarawe ukasimama fresh, lakini sasa kashina kanalainika na jani moja limeshakuwa la njano. Hita sina, mitungi ya gesi ya kabonidayoksaidi ndo kabisa, taa ni balbu ya LED ya kawaida. Jirani yangu analima viazi anasema nitie urea chembe mbili tatu utanyanyuka. Nifanyeje, maana mwezi wa saba huo unakuja na baridi ya huku mnaijua.

Babu Kihesa
Kamwene. Hiyo urea muachie jirani na viazi vyake! Kwenye maji inageuka amonia na amonia ndo inaua samaki, asubuhi utawakuta wanaelea. Iwe ya kupandia iwe ya kukuzia, mbolea ya shamba haiingii kwenye tenki. Goldifishi wanakunya balaa, hicho kinatosha kuwa mbolea.

Shida yako ni kufukia. Anubiasi kwao ni Afrika Magharibi na Kati, inaota kando ya vijito imeng'ang'ania mawe na magogo, na kile kishina kikifukiwa kinaoza. Kichomoe leo leo, kata palipolainika mpaka ukute pagumu pa kijani, kisha kifunge juu ya jiwe kwa uzi wa cherehani, usibane sana. Au weka supaglu, ile nzito ya jeli, tone moja, inashika hata kwenye unyevu na ikishakauka haina madhara kwa samaki. Mizizi iache ining'inie, yenyewe itashika jiwe. Halafu tulia, jani jipya unaweza kulisubiri wiki kadhaa, watu wengi wanautupa ukiwa mzima wakidhani umekufa.

Uzuri wake mwingine ni kwamba goldifishi hula karibu kila jani unaloweka ila hili wanaliacha, gumu kwao.

Mama Tenki
Naongezea la mwanga. Tenki lisikae dirishani jua linapopiga, na taa usiwashe kutwa, masaa 6 mpaka 8 yanatosha. Anubiasi inakua taratibu sana kwahiyo mwanga ukizidi mwani unajenga juu ya majani yake na kuutoa ni kazi. Hiyo balbu yako inatosha kabisa, huu ni mmea wa kivulini.

Kijana wa Kyela
Mnamhangaisha bure jamani, ashuke tu Matema, Ziwa Nyasa lina majani yale marefu membamba ya valisneria, anang'oa anapanda kwenye mchanga yanazaana yenyewe, hela hatoi hata mia

Mama Tenki
@Kijana wa Kyela valisneria kweli ni rahisi, na yenyewe ndo inataka mizizi ifukiwe. Ila majani ya ziwani yanakuja na konokono na baadhi ya konokono wa Ziwa Nyasa wanabeba kichocho, vile vijidudu vinatoka kwa konokono vinaingia majini na kupenya ngozi, na wewe ndo unayezamisha mkono kila ukibadilisha maji. Mimi siwezi. Na goldifishi wataing'oa kila siku kwa kufukua, hao ni wachimbaji.

Mdau wa Uyole
Shukrani sana wakuu, kweli chini kulikuwa kumeoza na kunanuka, nimekata nimebaki na kipande chenye majani manne, nimekifunga kwenye jiwe. Bado swali la baridi hamjajibu, goldifishi najua hawana shida nayo ila huu mmea je?

Babu Kihesa
Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anubiasi inadumaa tu, usitegemee jani jipya mpaka joto lirudi. Ukitaka kitu kinachokua hata kwenye baridi tafuta seratofilamu, vijani vyake vyembamba vimezunguka shina kama tawi la mpaina wa Sao Hill. Haina mizizi hata, unaiachia inaelea, inanyonya uchafu wa samaki moja kwa moja kutoka majini. Goldifishi wataitafuna lakini inakua haraka kuliko wanavyokula. Ikifika itapukutisha kidogo kwa kubadilishiwa maji, isikutishe.

Angalizo, usiku mimea haitoi oksijeni bali inaitumia, kwahiyo ukijaza sana halafu umeme ukakatika pampu ikazima, samaki watapanda juu kuhema.

Mdau wa Uyole
Hiyo seratofilamu huku naipata wapi babu?

Babu Kihesa
Kwangu imejaa mpaka natupa, ila naianika kwanza ndo natupa, mtaroni siimwagi maana ikifika mtoni haitoki. Nicheki inbox nikutumie kwa basi la kwenda Mbeya, nitaizungushia gazeti lililolowa, na kwa vile mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku toka 2019 nitaweka kwenye kopo la mfuniko. Kopo nirudishie.