Domeni (jina la websaiti na imeli yangu) nalipia mimi, pale pa mwenyewe pameandikwa jina la fundi! Kisumu tumechoka na hawa watu wa hosting

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Niko hapa Kisumu, nauza vifaa vya maabara na vitu vya ofisi kwa mashule, mjini hapa, Ahero, Maseno, Luanda, mpaka Bondo huko. Hii biashara inaishi kwa imeli. Shule haiwezi kukupa LPO (oda rasmi ya kununua) kwa mdomo, lazima kwotesheni ije kwa maandishi ikae kwa faili ndo mkuu na mhasibu wapitishe. Sasa shule zimefungua, huu ndo msimu wangu, na kwotesheni zangu zimekuwa zikiangukia spamu na hakuna mtu aliniambia.

Nilijua tu kwa sababu mhasibu mmoja wa upande wa Vihiga alinipigia akauliza, "Mama, kwani safari hii hukutaka kazi yetu?" Nikamwambia nilituma, na nikatuma tena. Akafungua spamu akiwa bado kwa simu, akazikuta zote, zimepangana na zile za kuambiwa umeshinda bahati nasibu. Kazi ilikuwa imeshapewa mtu wa Kakamega. Huyo ni mmoja aliyejali akapiga simu, wengine wangapi wamenyamaza tu wakadhani nimefunga duka?

Napigia kampuni ya hosting, wale wanaotunza websaiti na imeli yangu kwa seva zao (ofisi zao ziko Nairobi), simu inalia muziki wee, ikishikwa naambiwa "madam fungua tiketi". Nafungua. Jibu linakuja, futa kashe ya brauza. Kashe ya brauza inahusiana vipi na barua kuingia spamu kwa mtu aliye Vihiga?? Nawaandikia tena, wanasema shida iko kwa kompyuta yako, tafuta fundi. Fundi naye anasema shida ni hosting. Hapo katikati niko mimi na pesa yangu imeshaliwa pande zote mbili.

Kuna kijana wa jirani anasomea hizi vitu, yeye ndo alinionyesha ukweli na hata soda alikataa. Nendeni mjionee na nyinyi. Jitumieni imeli kutoka kwa ile ya biashara kwenda kwa Gmail, fungua kwa kompyuta, kuna vidoti vitatu pembeni ya ujumbe, bonyeza pale pa kuona ujumbe asili. Inafunguka karatasi imejaa maandishi, lakini juu kabisa kuna kajedwali kadogo, SPF, DKIM, DMARC (ukaguzi wa kama barua kweli imetoka kwako), na mbele ya kila moja imeandikwa kama umepita au umeanguka. Yangu kwa SPF iliandikwa PERMERROR, yaani rekodi yenyewe ina kosa. DKIM hata haikuweko.

Nikaelezewa hivi. SPF ni laini ya maandishi inawekwa kwa DNS (rekodi za mtandaoni) za domeni yako, inatangaza ni seva gani zimeruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Na sheria yake ni kwamba domeni inatakiwa iwe na laini moja tu ya SPF. Yangu ilikuwa nazo mbili! Ya hosting ya zamani haikutolewa, na tulipohamishwa kuja huku wakaongeza mpya juu yake. Seva inayopokea ikikuta mbili haichagui, inasema hii ni kosa basi. Sasa imeli yangu inafika kwa Gmail haina kitambulisho hata kimoja kinachofanya kazi. Na hii si siri ya wataalamu, Google na Yahoo walitangaza wazi, kuanzia Februari 2024 kila anayetuma barua kwao lazima awe na SPF au DKIM (sahihi ya kidijitali inayobandikwa kwa barua), na wale wanaotuma nyingi, kwa Google ni 5,000 na zaidi kwa siku, wawe nazo zote mbili na DMARC (agizo la barua ikianguka ifanyweje) juu yake. Kampuni inayouza imeli kama kazi yake ya kila siku haijui hiyo? Inajua. Dawa yake ni kufuta laini moja na kuwasha DKIM kwa cPanel (ukurasa wa kusimamia hosting), kazi ya dakika chache.

Alafu bado kuna hii ya kurundikwa kwa seva moja na watu mia ngapi sijui, wote mnatumia IP (anwani ya seva) moja, jirani yako akituma matakataka usiku kucha IP inaandikwa kwa orodha nyeusi na wewe unazuiwa pamoja naye. Hiyo hawakwambii wakati wa kukuuzia, wanakwambia "unlimited".

Basi nikasema sawa, shida imejulikana, turekebishe. HAPA NDO DAMU ILINICHEMKA.

Kuingia kwa cPanel sina paswadi. Naandikia hosting, wananijibu ati wao wanaongea na mwenye akaunti peke yake. Mwenye akaunti ni nani? Kijana aliyenitengenezea websaiti. Nikaenda kuangalia whois (rejista inayoonyesha mwenye domeni) ya domeni yangu ya .co.ke, jina la biashara yangu kabisa, jina nililosajili mimi na cheti kiko ukutani dukani. Pale pa mwenye domeni, jina lake. Pale pa imeli, Gmail yake. Jina la biashara yangu haliko popote, na kila mwaka ni mimi natuma M-Pesa ya kurenew, meseji zote ninazo. Hii ni sawa na kununua ploti Mamboleo, pesa utoe wewe, alafu hati iandikwe jina la broker.

Na mjue hizi ni vitu tatu tofauti, wanatuchanganyia makusudi. Domeni ni kitu yake, inasajiliwa kwa KeNIC (wasimamizi wa domeni za .ke) kupitia wale mawakala wao. Hosting ni kitu ingine, ni pale mafaili ya websaiti yanakaa. Imeli pia inaweza kukaa mahali pengine kabisa, ni rekodi ya MX tu inaonyesha barua ziende wapi. Ukiwa umeshika domeni, hizo zingine unahama nazo wakati wowote unataka, hakuna wa kukutisha. Ndo maana domeni ndo wanaishikilia. Nimempigia huyo kijana akasema niko bize Eldoret, baadaye akaandika kwa WhatsApp ati kuna "ada ya kukabidhi" ndo anipe ile namba ya siri ya kuhamisha domeni. Ada ya kukabidhi mali yangu?? Nilipomuuliza ni ya nini akaniambia "mama tulia".

Nikaanza kupitia invoisi zao moja moja. Kuna laini ya SSL (cheti cha usalama wa websaiti), nalipishwa 2,500 kila mwaka. Nimefungua maelezo ya cheti kwa brauza, aliyetoa cheti ni Let's Encrypt. Wadau, Let's Encrypt inatoa vyeti bure, kwa kila mtu duniani, cheti kinakaa siku 90 na seva inakirudisha upya yenyewe bila mtu kugusa. Yaani hakuna kazi imefanywa na hakuna pesa wamelipa popote, na mimi natozwa mwaka baada ya mwaka. Wenye websaiti hebu angalieni zenu leo.

Sasa laptopi. Maana mkasa haukuishia kwa hosting. Nilinunua ex-UK hapa mjini, i5 ya kizazi cha sita, nikaambiwa ina Windows 11 orijino. Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hivyo hii iliingizwa kwa mlango wa nyuma, na hakuna dhamana kwamba itaendelea kupata masasisho. Najua Windows 10 iliachwa kusaidiwa tarehe 14 Oktoba 2025, najua kila duka lina mzigo wa mashine za zamani wanataka ziishe, lakini mwambie mteja ukweli aamue mwenyewe! Kuikraki (kuifungua bila leseni) waliikraki, na ili kraki ikae wakaiambia antivairasi isiguse hiyo folda. Mashine yenye namba za vitambulisho na akaunti za wateja, mlango umeachwa wazi.

Siku moja naiwasha nikakuta skrini ya bluu inataka ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows ya kufunga diski), tarakimu 48. Sijawahi kupewa tarakimu yoyote. Huo ufunguo huwa unahifadhiwa kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine. Na akaunti iliyotumika ni ya nani? Ya fundi wa duka, alitumia imeli yake "ndo iwe haraka". Amebadilisha simu, akaunti hiyo mwenyewe haiingii tena.

Ndani ya hiyo diski ndo barua zangu ziko. Kwa sababu Outlook (programu ya kusomea imeli) aliiweka kwa POP badala ya IMAP. Kwa wasiojua, IMAP inaacha barua kwa seva na unazisoma kwa simu na kwa kompyuta sawasawa. POP inazivuta zije kwa mashine, na Outlook isipoguswa inazifuta kwa seva baada ya siku 14. Kwa hivyo LPO zote za nyuma, delivari zilizowekwa sahihi, makubaliano ya bei na shule ambazo bado zina deni langu, vyote viko kwa faili moja ndani ya diski iliyofungwa, na bakapu hakuna aliyeweka. Shule ikikataa deni leo nitaonyesha nini?

Mnaona hii maneno inafanana vipi. Domeni kwa jina la mwingine, cPanel kwa paswadi ya mwingine, laptopi kwa akaunti ya mwingine. Sisi tunauziwa vitu bila funguo, na kila siku unataka kitu kidogo unarudi kwa huyo huyo kumbembeleza na kumlipa. Mama wa saluni pale Kondele ameniambia yake iko vile vile, na mwenye gesti hausi moja Nakuru pia, yeye aliacha jina lake kabisa akaanza na lingine, wageni wa zamani bado wanaandikia ile imeli ya kwanza.

Wale mnajua, nisaidieni kwa haya. Kuna mtu ashawahi kwenda KeNIC moja kwa moja akarudishiwa domeni iliyosajiliwa kwa jina la fundi? Walitaka nini, cheti cha biashara na meseji za M-Pesa zinatosha au lazima wakili? Na ile diski, kuna njia bila hizo tarakimu 48, au wanaosema wanafungua wanataka tu kula pesa? Pesa ya kubahatisha sina.

Nataka majibu haraka kwa sababu domeni inaisha mwisho wa mwezi. Nikilipa, ni mwaka mwingine kwa jina lake. Nisipolipa mwishowe inaachiliwa na mtu yeyote anaweza kuichukua, yeye wa kwanza. Invoisi imeshakuja, jina lililo juu ni lake na aliyetumiwa kwa WhatsApp alipe ni mimi.