IST inakohoa nikikanyaga mafuta, fundi anataka pampu. Naombeni ushauri

MamaPendo_Moro
Wakuu, kwema? Nina Toyota IST ya zamani, injini 1NZ, karibu CC 1500. Ikiwa imesimama sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia kabisa. Kazi inaanza barabarani. Nikitaka kulipita lori au nikipandisha mlima kama Iyovi, nikikanyaga mafuta inakwama, inatikisika, inakohoa, halafu ndipo inavuta. Nikikanyaga kidogo kidogo inakwenda. Taa ya cheki injini inawaka, na nikikanyaga sana inapepesa.

Fundi wangu kasikiliza kwa sikio, kasema pampu ya mafuta imechoka, nitafute laki mbili na nusu. Mwingine anataka kutoboa masega (kile kisafisha moshi kwenye ekzosi). Kabla sijatoa hela naomba kusikia kwenu. Nawasilisha.

Chuma_Chakavu
Toboa masega dada. Yangu nilitoboa, sasa hivi inaruka.

Spana_Kumi
Dada, usitoboe kitu. Masega yakiziba gari inakuwa nzito, inakosa pumzi kadiri mzunguko unavyopanda. Haiko hivyo unavyoeleza. Tena kinachoua masega ni hiyo miss yenyewe, yaani silinda kukosa kuwaka, kwa sababu petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inakwenda kuungulia humo na kuyayeyusha. Ndicho taa inachokupigia kelele ikipepesa. Ikiwaka tu, utafika nyumbani. Ikipepesa, punguza mguu hapohapo.

Sasa kwa nini sailensa imetulia halafu ukikanyaga inakohoa? Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji umeme mkali zaidi ili iruke kwenye ncha ya plagi. Koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) iliyochoka au mpira wake uliopasuka inamudu mzigo mdogo. Mzigo ukizidi, umeme unatafuta njia ya mkato pembeni, na silinda hiyo inapiga bure.

1NZ ina koili nne, kila plagi na yake, kwa hiyo kumkamata mwizi hakuna gharama. Kapime kwenye mashine ya kusoma hitilafu. Ukikuta kodi (namba ya hitilafu) kati ya P0301 na P0304, tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda, unahesabu kuanzia upande wa mkanda wa alteneta. Tuseme P0302: zima gari, koili ya 2 iende 3, ya 3 ije 2, futa kodi, kaendeshe kama unavyoendesha ikisumbua. Kodi ikihamia P0303, koili hiyo ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, hamisha plagi kwa mtindo huohuo. Ikigoma kuhama, hapo ndipo uanze kuwaza nozeli (zinazonyunyiza petroli) na kompresheni (mgandamizo wa silinda).

Dereva_wa_Kitonga
Naongezea kwenye pampu. Pampu ikichoka inazinyima silinda zote, haichagui moja. Mara nyingi utaona P0300 (miss isiyo ya silinda moja) pamoja na P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa. Na pampu haihukumiwi kwa sikio jamani! Kuna geji, na 1NZ inatakiwa isome kama psi 44 hadi 50. Hata ukikuta P0171 usikimbilie dukani, maana sensa ya hewa yenye vumbi au mpira wa hewa uliochanika vinaileta vilevile. Petroli yenye maji nayo inaleta kukohoa kwa namna hiyo.

Chuma_Chakavu
Mashine ya nini, si kuna vile vidude vya blututhi vya bei rahisi, unasoma kwenye simu?

Spana_Kumi
Vipo, navyo vinafaa, ila magari ya Japani ya miaka ile mengine yanagoma kuongea navyo. Akiwa na mtu mwenye mashine nzima asihangaike.

MamaPendo_Moro
Mrejesho. Imesoma P0303. Fundi wa umeme kachomoa koili ya tatu, imetoka imelowa oili na mpira wake umevimba. Kwenye kaure nyeupe ya plagi kuna mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli, kutoka juu hadi kwenye chuma. Tumeihamishia koili silinda ya kwanza, tukazunguka, ikaja P0301. Anasema afute oili, aweke koili mpya, tumalize.

Spana_Kumi
Safi sana, ila hapo msimalize. Huo mstari ndiyo njia ya mkato niliyoisema. Ni kaboni, ukifuta haitoki yote, kwa hiyo plagi hiyo tupa. Na oili inatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu. Usipoibadilisha, koili mpya italowa na kufa vilevile. Mwambie akaushe shimo kabla ya kufungua plagi, oili na mchanga visidondokee ndani.

Plagi weka nne mpya za aina moja. Ukichukua za iridium zenye 11 mwishoni mwa namba, maana yake mwanya wa kwenye ncha ni milimita 1.1, usimruhusu mtu auguseguse kwa bisibisi. Kichwa cha injini ni aluminiamu, kukaza kwa Nm 18 kunatosha. Mafundi wetu wanapenda kukaza mpaka mshipa wa shingo utoke.

Dereva_wa_Kitonga
Koili ukinunua ya mtumba, linganisha namba iliyochapwa juu na ile ya zamani. Na ikague mbele ya muuzaji, mpira usiwe na ufa.

MamaPendo_Moro
Nimefunga gasketi, koili moja na plagi nne, na vyote havijafika nusu ya hela ya pampu. Leo nimekanyaga hadi chini, gari imevuta bila kukwama na taa haijarudi. Swali la mwisho: hizi koili tatu zilizobaki nizitoe?

Spana_Kumi
Ziache zifanye kazi. Nunua moja ya akiba, iweke kwenye buti pamoja na spana namba 10. Kila koili imeshikwa na bolti moja tu, hata Iyovi utajibadilishia mwenyewe.